Jumamosi za Missouri

Ardith Skubic alikuwa mwoga tangu utotoni, na nasema hivyo nikimpenda. Mimi ni jirani yake, uzio wetu ni mmoja, na kila mmoja anakijua kikohozi cha mwenzake. Simu ikilia asubuhi, Ardith hushika kifua kwanza ndipo aipokee. Mawingu yakijikusanya upande wa magharibi, yeye yuko tayari kwenye chumba cha chini ya nyumba na tochi na biskuti, wakati sisi wengine bado tunabishana kama ni kimbunga au mvua ya kawaida. Nilimcheka sana kwa tabia hiyo. Lakini majira ya baridi ninayotaka kuyasimulia sikumcheka, kwa sababu hata mimi niliogopa.

Mji wetu uko Kansas, ila kwa upana wa barabara tu. Ukivuka barabara ya mashariki, umeshaingia jimbo la Missouri. Babu zetu walitoka Slovenia na Italia kuja kuchimba makaa ya mawe, makaa yakaisha, sisi tukabaki. Tulichobaki nacho ni kanisa, kuku wa kukaanga wa Jumapili na Makao ya Oxley, majengo ya matofali mekundu ambamo jimbo linawatunza watu wazima ambao akili zao zilibaki za utotoni. Nusu ya mji imefanya kazi Oxley wakati mmoja au mwingine. Ardith alikuwa kwenye chumba cha kufulia. Alifua mashuka ya pale tangu usichana wake, na miongoni mwa mashuka hayo yalikuwamo ya Lonnie, mdogo wake.

Lonnie ni pande la mtu, nywele zimeshaingia mvi, na sijawahi kumwona akinuna. Humsalimia kila mtu, mbwa wa kila mtu, na lori la taka. Kudanganya hawezi. Si kwamba ni mtakatifu, ila hajui kunafanywaje. Ukimuuliza nani kamaliza keki, atakuambia ni yeye, tena atakuonyesha makombo kwenye shati.

Kitu kimoja tu humvunja: kuhamishwa. Mwaka fulani paa la jengo lao lilivuja, wakapelekwa kwa muda kwenye jengo la kule nyuma, hata si mbali, dirisha la lile la zamani linaonekana. Lonnie aliacha kula. Kisha akatoka nje kwenye theluji bila viatu kutafuta kitanda chake, na walipompata alikuwa amekaa kando ya reli, midomo imegeuka rangi. Ardith alikaa hospitalini naye mpaka aliporudishwa chumbani kwake mwenyewe. Tangu siku hiyo alikuwa na hofu moja iliyozimeza nyingine zote, na aliniambia waziwazi kwamba wakimhamisha tena, atamzika.

Sasa nieleze habari ya Jumamosi, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Miaka michache kabla ya hapo, wakubwa wa Topeka, makao makuu ya jimbo letu, walipunguza kodi ya mishahara na ya biashara, wakisema uchumi utafurika. Haukufurika. Chungu cha jimbo kilipoanza kulia kwa utupu wakapandisha kodi ya mauzo, na kodi hiyo kwetu ilishika hadi mkate, maziwa na mayai. Ukinunua chakula mjini kwetu, karibu senti tisa za kila dola zilikwenda kwenye kodi. Ukivuka barabara, Missouri walichukua nusu ya hizo. Kwa hiyo kila Jumamosi tulivuka.

Mji mzima ulivuka. Duka la Missouri ni kubwa, lina maegesho kama uwanja wa mpira, na lina mifuko ya njano. La kwetu, la Fanelli, lilibaki likiwauzia sigara na barafu watu waliosahau. Na tulikuwa na adabu yetu: kwenye maegesho ya Missouri hatujuani. Ukimwona mwalimu wako wa Jumapili na toroli limejaa, unatazama mawingu. Yeye anatazama tairi lake. Jumatatu mnakutana posta mnaulizana hali kana kwamba hamjaonana mwezi mzima. Sheria inasema ukinunua ng'ambo ukala nyumbani, mwisho wa mwaka utangaze ulipe tofauti kwa jimbo lako. Sijawahi kumsikia mtu aliyetangaza, na aliyetangaza tungempima joto.

Mimi ndiye niliyekuwa na gari, hivyo nilimchukua Ardith, tukapita Oxley kumchukua Lonnie. Jumamosi ndiyo iliyokuwa sikukuu yake. Alisukuma toroli. Alichagua chungwa moja, akalinusa njia nzima. Mfuko wa njano aliukunja vizuri akautia mfukoni mwa koti, na chumbani kwake alikuwa na mrundo wa mifuko hiyo chini ya mto. Yeye peke yake hakuijua ile adabu yetu. Aliwasalimia watu wote wa mji kwa majina, kwa sauti ya kengele, nao wakazidi kutazama mawingu.

Baridi ile redio ilianza kuleta habari mbaya kila mwanzo wa mwezi. Mapato ya jimbo yamekuwa chini ya makadirio. Mwezi uliofuata, chini tena. Mafuta ya gari, sigara, bahati nasibu, vyote vilitajwa, lakini kilichoanguka zaidi ni kodi ya mauzo, na hasa kwenye wilaya za mpakani. Tuliisikiliza habari hiyo tukiwa na sandwichi mkononi, ya mkate wa Missouri na nyama ya Missouri. Ardith aliisikiliza akaweka yake chini.

Kisha ikaja habari yenyewe. Bajeti ikitoboka hivyo, lazima kitu kikatwe, na kwenye vitu vilivyopangwa kukatwa ilikuwamo Oxley. Wakazi wangegawanywa kwenye makao mengine. Nafasi za kaka zetu na dada zetu zilikuwa kule magharibi, karibu na mpaka wa jimbo la Colorado, mwendo wa kutwa nzima kwa gari. Kamati ya bunge la jimbo ingekuja kutusikiliza kwanza, kwenye ukumbi wa michezo wa shule, Jumatano ya pili ya Februari.

Ardith alikonda mbele ya macho yangu. Alikuja kwangu asubuhi, akakaa na koti lake jikoni, asinywe kahawa wala asiivue kofia. Alisema akifumba macho anaiona reli. Wafanyakazi wa Oxley walikuwa wamemchagua yeye aseme mbele ya kamati, kwa sababu ya Lonnie, na yeye hata kanisani hajawahi kusoma somo. Walimwandikia la kusema. Sisi ni watu waaminifu, tumelipa kodi zetu, sasa tunaomba jimbo litukumbuke. Alipofika sehemu ya kodi akinisomea, aliishusha karatasi.

"Bernadine," aliniuliza, "wanajua?"

"Wanajua nini?"

"Jumamosi."

Nikamwambia wabunge wana kazi nyingi kuliko kuhesabu mayai yake. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa kidogo, maana hata mimi nilitaka kuisikia.

Jumamosi iliyotangulia mkutano tulikwenda kama kawaida. Nilimwambia labda tuache wiki hiyo, akasema Lonnie ameshavaa koti tangu kifungua kinywa, amesimama mlangoni. Tukaenda. Tulipokuwa tunapakia vitu garini Ardith alinishika mkono kwa nguvu.

"Usigeuke. Gari la kijivu, karibu na nguzo."

Bila shaka niligeuka. Ndani alikuwamo kijana mwenye tai, amefungua dirisha kwenye baridi ile, anapitisha macho safu moja ya magari hadi nyingine, anaandika. Halafu akainua simu akapiga picha upande wetu.

"Labda anamwandikia mpenzi wake," nilisema.

"Anaandika namba za magari, Bernadine. Angalia anavyotingisha kichwa akikuta ya Kansas."

Ilikuwa kweli. Minong'ono ilikuwa imeshapita mjini kwamba watu wa kodi wanatumwa mpakani kuwanasa watu. Niliona mke wa mchungaji akiinama nyuma ya gari lake na kabichi mkononi. Maegesho yote yalitazama mawingu, na hapakuwa na wingu hata moja. Na katikati ya ukimya huo, Lonnie akainua mkono wake mkubwa akampungia yule kijana.

"Habari yako! Mimi Lonnie! Nakaa Kansas, Oxley, chumba cha dirisha la kijani!"

Nilitamani lami ipasuke initie ndani. Kijana alishangaa, kisha naye akapunga mkono. Ardith aliingia garini akajifunika uso, na njia nzima hakusema neno ila moja, alipofika kwake: kwamba amemuuza mdogo wake kwa bei ya mayai. Nilimwambia aache upuuzi. Nilipofika kwangu nilitoa mifuko ya njano yote jikoni nikaichoma pipani, na wallahi sikuwa peke yangu, maana jioni ile moshi ulikuwa unatoka nyuma ya nyumba nyingi.

Jumatano ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi za jukwaa. Wakazi wa Oxley waliokuja walikaa mstari wa mbele na ndugu zao. Ardith hakutaka Lonnie aje, lakini wenzake walisisitiza kwamba wabunge wamwone. Alimvalisha tai. Mimi nilikaa upande wake wa pili, nikamwona Ardith akimpapasa mifuko ya koti kuhakikisha hamna kitu cha njano.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa seneta mwanamke kutoka wilaya za ngano za magharibi, mtu mzima, mikono ya shamba, miwani imening'inia shingoni. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Alitushukuru kwa kahawa na kwa potica, ule mkate wetu wa kukunja wenye kokwa tamu ndani, akasema amekula vipande viwili. Kisha akaeleza kwa lugha nyepesi. Jimbo halina shamba la pesa. Kuna kodi ya mishahara, kuna kodi ya mauzo, na vingine ni vya kuongezea chumvi. Kodi ya mishahara ilikatwa kabla yeye hajaingia bungeni, na hawezi kuirudisha mwaka huo, kura hazipo. Imebaki ya mauzo.

"Na wilaya hii," alisema, "watu hamjapungua, mishahara haijapungua, lakini kodi ya chakula imeporomoka. Nikajiuliza, hawa wenzetu wamefunga kula?"

Akasema alimtuma msaidizi wake akakae Jumamosi kwenye duka la ng'ambo. Na pale, nyuma ya kiti chake, akasimama yule kijana mwenye tai wa gari la kijivu.

"Zaidi ya nusu ya magari yalikuwa ya kwetu," seneta alisema. "Sikuja kumtoza mtu faini. Nauliza tu, kwa sababu nikirudi Topeka nitaulizwa. Mnaomba Kansas iwalishe watu hawa. Nani wiki hii amenunua chakula chake Kansas?"

Ukumbi mzima ukawa kama maegesho. Watu walitazama juu, kwenye taa. Bwana Fanelli mwenye duka alikuwa amesimama mlangoni, ameinua mkono peke yake, na hakumtazama mtu. Na hapo ndipo Lonnie alipomtambua kijana.

Alisimama, uso umejaa furaha. "Dada! Yule mtu wa Missouri! Nilimpungia!" Akamgeukia kijana. "Uko salama? Leo hujaja na gari la kijivu? Jumamosi tutakuwepo tena. Mimi na Dada na Bernadine tunakwenda kila Jumamosi."

Ardith alikuwa na karatasi ya hotuba mkononi. Nilidhani atazimia, na nasema kweli, nilijiandaa kumdaka. Badala yake alisimama, akaiacha karatasi kwenye kiti, akamshika Lonnie mkono. Sauti yake ilianza chini sana hata seneta akainama mbele.

"Ni kweli, mheshimiwa. Nakwenda kila wiki. Niliandikiwa hapa niseme tumelipa kodi zetu, na siwezi kusema hivyo akiwa amesimama karibu yangu." Akavuta pumzi. "Jimbo linanilipa kufua. Senti ninazookoa kule ndizo zinazomnunulia viatu, maana anaviburuza, havidumu miezi. Nilijua pesa ya Oxley inatoka wapi. Nilijua, na nikavuka. Kila nilipovuka niliona kama ni mimi mmoja tu, na mmoja hawezi kuangusha nyumba."

Akaushika mkono wa Lonnie kwa nguvu zaidi.

"Mheshimiwa, naogopa. Sina maneno mengine. Mkimhamisha huyu atatembea kwenye theluji mpaka afike kitandani kwake au afe. Ameshafanya hivyo mara moja. Kama kuna kosa, yeye hajanunua kitu. Yeye alisukuma toroli tu. Niandikeni mimi."

Akakaa. Lonnie alibaki amesimama kidogo, akimsubiri kijana ajibu salamu, mpaka kijana akainua mkono kimyakimya na yeye akaridhika. Seneta alivaa miwani, akaivua. Alisema asante, na kwamba ni mara ya kwanza tangu waanze kuzunguka amesikia mtu akijibu alichoulizwa. Kisha akaita mzungumzaji mwingine, na mzungumzaji mwingine hakutaka tena kuzungumza.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya kuliko mkutano. Hatukujua kitu. Ardith alifua mashuka huku roho iko juu, akasikiliza redio kila mwanzo wa mwezi akiwa amesimama, ameshika kiti. Mji nao uliona haya, sijui kwa muda gani. Nilianza kwenda kwa Bruno Fanelli. Siku ya kwanza alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Karibu, Bernadine. Umepotea njia?"

"Nipe mayai, Bruno, usinichoshe."

"Ya Kansas haya, mwenzangu. Yataweza kukaa tumboni kwako?"

Nililipa, pamoja na kodi, na niliuma meno. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, mke wa mchungaji akiwa wa pili, na safari hii tulisalimiana.

Bajeti ilipitishwa mwezi wa Juni, wabunge wamekesha wakigombana. Oxley haikufungwa. Ilipewa mwaka mmoja, na maneno yaliyosomwa redioni yalikuwa kwamba itaangaliwa upya kulingana na makadirio ya mapato yajayo. Watu walipiga honi barabarani. Nilimkimbilia Ardith nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya nyuma na taulo mapajani, analia. Nikamwambia alie kwa raha, tumeshinda. Akanitazama kana kwamba nasema lugha ya kigeni. Mwaka mmoja, alisema. Maana yake kila mkate ambao mtu yeyote wa mji huu atanunua ng'ambo, yeye atauona usoni mwa Lonnie. Atakaa hivyo mpaka kaburini. Na hajakosea, maana mpaka leo nikichelewa kurudi Jumamosi hutoka uani kutazama nimetokea upande gani.

Kitu ambacho hakuna aliyekifikiria ni Lonnie mwenyewe. Jumamosi ya kwanza baada ya mkutano alisimama mlangoni na koti lake. Ya pili pia. Ardith alimpeleka kwa Fanelli, lakini duka lile ni dogo, halina toroli, na mifuko yake ni ya kahawia. Lonnie alishukuru, kwa sababu yeye hushukuru, akarudi akasimama tena mlangoni akitazama mashariki. Ardith alisogeza siku kwa visingizio: leo kuna theluji, leo Bernadine ana mafua. Visingizio viliisha kabla ya baridi kuisha.

Nilikuwepo siku alipouliza. Tulikuwa tumekaa chumbani kwake, kwenye dirisha la kijani, Ardith akimfunga kamba za viatu vipya.

"Dada, Missouri imefungwa?"

Ardith aliendelea na kamba. Nilimwona akitafuta njia, na sikumsaidia, maana sikuwa na njia. Kumweleza mtu huyu kodi ya mauzo ni sawa na kumwambia kwamba chungwa lake ndilo lingemtoa kitandani kwake.

"Ndiyo, Lonnie," alisema mwishowe. "Imefungwa."

Lonnie alifikiri. Alikuwa amesikia sana neno hilo msimu ule, kwenye korido, kwenye redio ya jikoni, kwa wauguzi waliokuwa wakilia stoo. Alijua linamaanisha nini. Uso wake ulibadilika, na kwa mara ya kwanza nilimwona Lonnie Skubic akiogopa, si kwa ajili yake.

"Kwa sababu pesa hazikutosha?"

"Hazikutosha."

Akainuka na kiatu kimoja hakijafungwa, akaenda kitandani, akainua mto. Akauchukua mrundo wote wa mifuko ya njano, akauweka pembeni vizuri, kisha akaanza kusogeza vitu vyake ukutani, sanduku, kiti, picha ya mama yao. Ardith alimuuliza anafanya nini.

"Nawapa nafasi watu wa Missouri," alisema. "Waje walale hapa."